Mwanangu anatapika kila tukikaribia kituo cha mazoezi. Nimtoe au nivumilie?

MamaWa_GMboto

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho. Naandika nikiwa jikoni, kwa sababu ndipo mahali pekee hapa nyumbani ninapoweza kulia bila mtu kuniuliza nina nini.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume, anatimiza miaka mitano mwezi wa kumi na moja. Mwaka jana tuliambiwa hospitali kuwa ana usonji, ile wanayoita autism. Maneno ya kuomba kitu hana. Hasemi maji, hasemi mama. Lakini kuita abiria anajua. Tunakaa karibu na mwisho wa gari, na alipokuwa mdogo nilikuwa nambeba mgongoni asubuhi nikiuza vitumbua pale kituoni. Basi ukimwacha peke yake utamsikia: "Tazara, Jet, Banana, Ukonga, Mombasa, Gongo la Mboto mwisho wa gari!" Sauti ile ile ya konda, mpaka ule mkwaruzo wa kooni. Kitu kingine ni vizibo vya soda. Anavyo kama mia mbili kwenye ndoo ya rangi ya lita nne. Anavipanga mstari kutoka mlango wa chumbani mpaka sebuleni, vyekundu kwa vyekundu, vya njano kwa vya njano, na ukikiruka kimoja kwa mguu anajua.

Tangu mwezi wa tatu nampeleka kituo kimoja cha mazoezi, siku tano kwa wiki, laki mbili na nusu kwa mwezi. Mume wangu anaendesha bodaboda, hesabu mnaweza kupiga wenyewe. Walimu wa pale sisemi ni watu wabaya, wengine wanampenda kweli. Ila utaratibu wao ndio huu: mtoto anakalishwa kwenye kiti chenye kimeza mbele kinachofungwa. Mwalimu anasema "niangalie". Akimwangalia anapewa kipande cha biskuti, asipomwangalia anashikwa kidevu. Akipunga mikono inashikwa na kulazwa mezani, "mikono chini". Vizibo wameniambia nitupe vyote kwa kuwa vinamfunga akili. Na akianza kuita vituo mwalimu anageukia upande wa pili, wanasema hayo ni maneno yasiyo na maana, ukiyajali yanazidi.

Sasa ni wiki ya tatu, tukikata tu kona ya barabara ile anatapika. Akishafungiwa pale mezani analia, "Shusha! Shusha hapo!" mpaka sauti inakauka. Mimi niko nje kwenye benchi, nasikia kila kitu. Usiku anaamka. Alishaacha kukojoa kitandani, amerudia.

Mkuu wa kituo anasema ni kawaida, nikimtoa sasa nitakuwa nimemharibu, umri huu ukipita basi tena. Mama mkwe anataka tumpeleke Tanga akanyweshwe kombe, yale maji ya maandishi ya dua. Mume wangu amenyamaza, na akinyamaza hivyo najua na yeye anaumia.

Ninachouliza ni hiki: kuna njia ya kumsaidia mtoto kama huyu bila kumvunja? Na nikimtoa, nitakuwa namdekeza?

Vizibo sijatupa. Nimevificha uvunguni.

---

BabaYake_Machakos

Pole sana, mama. Hujamdekeza. Mtoto anayetapika njiani ameshasema.

Binti yangu ana miaka tisa sasa. Tulianzia KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani, Nairobi, akapimwa, halafu tukapata nafasi kwenye darasa la usonji katika shule ya umma. Yeye pia hakuwa na maneno. Kilichotufungulia mlango ni picha. Mwalimu alitueleza kuwa mbinu yenyewe ilianza mwaka 1985 Marekani, jimbo la Delaware, na Andy Bondy na Lori Frost: mtoto anachukua picha ya kitu anachokitaka, anamwekea mtu mkononi, anapewa kitu chenyewe papo hapo. Hakuna kungoja aseme neno kwanza, hakuna "niangalie". Sisi hatukununua kadi za duka. Tulipiga picha kwa simu: sufuria yetu, mlango wetu, chapati ya mama yake, bembea ya jirani. Tukazichapisha saiba na kuzifunika kwa plastiki.

Picha ya kwanza aliyoileta ilikuwa ya chapati. Saa nne usiku. Mke wangu aliwasha jiko akakanda unga. Nilimwambia asubuhi si mbali, akanijibu, "Leo ndiyo siku ya kwanza mtoto huyu ameniomba kitu. Hataambiwa angoje."

Watu watakuambia kuwa picha zitamfanya mvivu wa kuongea. Wetu alianza kutamka akiwa bado anazitumia.

---

Mjomba_Kibaha

Mimi naomba nitofautiane kidogo, bila ubaya. Mpwa wangu alipitia mazoezi ya namna hiyo hiyo, mezani, kwa zawadi. Alilia mwezi mzima. Leo anaenda choo mwenyewe, anavaa mwenyewe, anajua kusubiri. Watoto hawa wanahitaji utaratibu mkali kuliko wengine. Ukimtoa kila anapolia, atajifunza kuwa kilio ndicho ufunguo. Dada, usikimbilie kumtoa. Zungumza nao wapunguze saa.

---

TibaKwaVitendo_Tanga

Mama wa G/Mboto, marahaba, na pole kwa benchi lile. Nilisoma tiba kwa vitendo (occupational therapy) kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, na mwaka huu ni wa kumi na nne nikifanya kazi na watoto, sasa niko Tanga. Siwezi kumpima mwanao kwa kusoma ujumbe. Lakini kuna jambo umeliandika katikati kama vile ni dogo, na mimi nimelisoma mara tatu.

Mtoto ambaye unasema hana neno la kuomba kitu amefungiwa kwenye kiti, analia "Shusha! Shusha hapo!" Abiria husema shusha wakati gani, dada yangu? Mwanao ameomba. Ameomba kwa neno lenyewe, mahali penyewe, siku baada ya siku, na watu wazima wakageukia upande wa pili.

Mtoto wa namna hii huyachukua maneno kwa mkupuo, sentensi nzima pamoja na mahali alipoisikia na hisia aliyokuwa nayo. Anaitumia nzima nzima kabla hajaweza kuikata vipande. Kitaalamu inaitwa ekolalia, na zamani ilihesabiwa kuwa ni kelele ya kuzimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Barry Prizant na mwenzake Judith Duchan, Wamarekani, waliwachunguza watoto kwa makini wakaonyesha kuwa kurudia huko kuna kazi: mtoto anaomba kwa maneno hayo, anakubali, anashika zamu yake ya kuongea, anajituliza. Mwalimu mwingine wa huko, Anne Donnellan, aliandika mwaka 1984 kanuni ninayoishi nayo mpaka leo: pale ambapo hatuna uhakika, tuchukue dhana ambayo, ikija kuonekana si kweli, itakuwa imemdhuru mtoto kidogo zaidi. Ukichukulia kwamba "shusha" ina maana na kumbe haina, umepoteza nini? Umemshusha mtoto kwenye kiti. Ukichukulia haina maana na kumbe inayo, umemfundisha kwamba hata akipata neno, neno halifanyi kazi.

Utaratibu wa kiti na biskuti una asili yake. Ole Ivar Lovaas, wa Chuo Kikuu cha California pale Los Angeles, alitoa utafiti mwaka 1987 juu ya watoto 19 waliofundishwa mmoja mmoja kwa saa 40 kwa wiki, miaka miwili na zaidi. Alisema 9 kati yao walifika kuwa kama watoto wengine. Habari hiyo ikaenea dunia nzima, na wazazi wakauza walivyokuwa navyo ili wapate saa hizo. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba katika utafiti ule ule watoto walikaripiwa kwa "hapana" ya nguvu na kupigwa kofi la paja. Wengi wanaofuata njia hiyo leo wameacha makofi, na wapo walioacha hata kile kiti na kufundisha sakafuni kwa mchezo. Lakini lengo la mwanzo, kumfanya mtoto asionekane ana usonji, limebaki sehemu nyingi. Ndiyo maana kidevu kinashikwa. Kumwangalia mwalimu machoni hakumsaidii mwanao kuomba maji. Kunatusaidia sisi tujisikie tumeangaliwa.

Nasema hivi nikiwa nimewashika watoto kidevu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na binti wa miaka sita. Namwita jina, asipogeuka namgeuza, akigeuka nampigia makofi na kumpa karanga. Miezi miwili nikaandika kwenye faili kwamba anaitika jina kwa asilimia themanini. Siku moja mama yake akaniuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeulizia dawa: "Nyumbani tukimwita anajishika kidevu kwa mkono wake mwenyewe, anajigeuza uso. Ni sehemu ya mazoezi?" Nikamwita pale pale nione. Mkono ukapanda, ukakamata kidevu, ukavuta. Macho yalikuwa hayamtazami mtu yeyote. Sikula siku ile. Nilikuwa nimemfundisha kwamba jina lake maana yake ni kuvutwa uso.

Baada ya hapo nilianza upya, na aliyenifundisha ni mtoto wa miaka minne wa hapa Tanga ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha mifuniko ya sufuria. Nikaja na mfuniko wangu. Nikakaa kwenye mkeka, si mbele yake bali pembeni, nikazungusha wangu bila kusema neno. Siku ya kwanza alinigeuzia mgongo. Ya pili alibaki palepale. Ya tatu mfuniko wangu ulianguka karibu na mguu wake. Akautazama mpaka ukaacha kulia. Akauokota, akauweka kiganjani mwangu, halafu akanikunja vidole kimoja kimoja juu ya ukingo, mpaka nikaushika jinsi yeye anavyoushika. Hakuniangalia usoni hata mara moja. Aliangalia mkono wangu, na mkono wangu ndio uliokuwa na habari. Wiki iliyofuata nikawa naushika wima bila kuuzungusha, nasubiri. Anagonga kidole changu, nauzungusha. Yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza, na neno "zungusha" lilikuja baadaye likakuta nafasi yake imeshaandaliwa.

Sasa kwako. Toa vizibo uvunguni. Mtoto anayepanga vizibo mia mbili kwa rangi bila kukosea ana macho ya kuona mpangilio, ana subira, ana kumbukumbu. Tunaanzia hapo. Panga viti viwili viwili sebuleni. Yeye ni konda, wewe abiria, na vizibo ndiyo nauli. Mpe kizibo, subiri. Usimjaze maneno. Hesabu mpaka kumi moyoni kabla hujasema chochote, utaona kumi ni ndefu kiasi gani. Akiita "Tazara, Jet", wewe ita "Banana" halafu nyamaza, umwachie Ukonga. Hapo tayari mnapokezana, na kupokezana ndiko kunakobeba lugha yote. Robo saa asubuhi, robo saa jioni. Mkiwa na hamu ongezeni, akichoka acheni.

Na sheria moja isiyovunjwa na mtu yeyote ndani ya nyumba, bibi na babu wakiwemo: akisema "shusha", anashushwa. Kwenye kiti, kwenye beseni la kuoga, kwenye mapaja ya shangazi anayembusu sana. Papo hapo. Utaogopa kwamba atalitumia kwa kila kitu, na kwa wiki kadhaa atalitumia kweli, kwa sababu anajaribu kama linafanya kazi. Mwache ajaribu. Likishaaminika ndipo unaongeza kidogo: unamshusha huku ukisema "shusha, nimeshiba", "shusha, maji ya moto". Siku moja ataanza kuchukua kile kipande cha pili.

Mikono inayopunga iache ipunge. Ni namna yake ya kujituliza au ya kufurahi, na ukiishika unampa kazi ya kuizuia badala ya kazi ya kujifunza. Kama mwili wake unatafuta nguvu, mpe kazi nzito nzito kabla ya mambo magumu: kubeba kidumu cha lita tatu, kukamua nguo, kukusaidia kutwanga, kukanda unga, kusukuma ndoo iliyojaa sakafuni. Wapo wanaotulia ukiwaviringisha kwenye khanga na kuwabana, ila mwache aingie na kutoka mwenyewe.

Kutapika, kuamka usiku na kurudia kukojoa, usiviweke vyote kwenye hofu bila kumpeleka kwa daktari. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa mkojo" anaweza kuwa na maambukizi na sisi tunasema ni tabia. Apimwe mkojo na tumbo wiki hii. Hospitali ya Muhimbili wapo wataalamu wa tiba kwa vitendo, omba rufaa ukiwa huko huko hospitali.

Umri ukipita basi? Miaka hii ni ya thamani, ndiyo. Lakini nimewaona walioanza kuomba kwa maneno wakiwa na miaka minane. Mtoto mwenye hofu hajifunzi haraka zaidi eti kwa kuwa tumemharakisha.

Nimeandika mrefu, nisamehe. Nikisoma habari ya mtoto anayesema shusha siwezi kuandika kifupi.

---

MamaWa_GMboto

Nimesoma nikalazimika kuweka simu chini. Nimemwita mume wangu nikamsomea ile sehemu ya shusha. Ameenda nje. Amerudi akasema, "Nilikuwa najua. Kwenye pikipiki tukifika nyumbani huwa ananiambia hivyo hivyo, nikadhani ni mchezo."

Dada, kesho asubuhi hatuendi kule. Kwa mama mkwe nisemeje, na hela yote ile tumeshatoa? Na kwa kweli sisi hatuna uwezo wa kumlipa mtaalamu kila wiki.

---

FundiSimu_Kisauni

Asalaam alaykum. Mimi ni mtu mzima, niko Mombasa ya Kenya, na nina usonji. Nilijua nikiwa na miaka ishirini na mbili. Naomba nijibu hili la macho, maana watu hulizungumza juu yetu na sisi hatuulizwi.

Ukiniambia nikuangalie machoni, nitakuangalia, lakini sitasikia unachosema. Macho ya mtu kwangu ni kama redio mbili zimewashwa pamoja. Nikiangalia meza, au mkono wako, nasikia kila neno na naweza kukurudishia. Madrasa nilipigwa kwa hili. Maalimu alidhani simheshimu, nami nilikuwa nimeinamisha macho ndipo nimsikie. Mikono nayo, ikienda ndipo nafikiri. Mtu akiishika ni kama kunishika mdomo.

Bibi yangu hakusoma, lakini alinisaidia kuliko wote. Nilikuwa nikifungua redio zake. Ya kwanza alikasirika. Ya pili akanitandikia mkeka, akaniwekea bakuli la skrubu na taa karibu, akawaambia watu wa nyumbani, "Huyu asiguswe akiwa pale." Nilikuwa na miaka saba. Leo natengeneza simu, nina duka, na bado skrubu naziweka kwenye bakuli la aina ile ile. Hakunitoa usonji. Alinipa mahali pa kukaa nao.

Kuna msomi wa Uingereza, Damian Milton, naye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana baina yetu na watu wengine ni kwa pande mbili. Si sisi tu tusiowaelewa nyinyi, na nyinyi hamtuelewi. Nilipoambiwa jambo hilo nilikaa kimya siku nzima. Maisha yangu yote nilikuwa nikijifunza lugha yenu peke yangu, na sikujua kwamba ingewezekana mtu mwingine naye ajifunze yangu.

Mamake, mtoto huyo anakuita kwa vituo. Jifunze vituo vyote kwa mpangilio wake. Usikosee mpangilio.

---

TibaKwaVitendo_Tanga

Kaka wa Kisauni, nakushukuru kwa moyo wote. Maneno yako nitawasomea wenzangu kazini, ukiniruhusu.

Mjomba wa Kibaha, sikupuuzi. Mtoto kwenda choo mwenyewe ni heshima yake na ni faraja ya mama yake, na kufundisha hatua kwa hatua sikupingi, mimi mwenyewe hufanya hivyo kila siku. Tunachotofautiana ni hiki: mpwa wako alipolia mwezi mzima, alikuwa na njia gani ya kusema "subiri" ikasikika? Mtoto aliyefundishwa kwamba mtu mzima akimshika mwili hana haki ya kukataa, atakuwa kijana, na atakutana na watu wabaya. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Zipo njia zinazofundisha yale yale huku mtoto akiwa na haki ya kukataa, hata kama ni polepole kwa wiki mbili.

Mama wa G/Mboto, hela. Kazi kubwa inafanywa na mzazi nyumbani, mtaalamu ni wa kukuonyesha na kukurekebisha. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi, vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, na yameundwa ili yaweze kuendeshwa hata na watu wasio mabingwa. Yamejaribiwa mpaka Ethiopia. Yanayofundishwa humo ni mchezo na kazi za kila siku: kuoga, kula, kufua. Kwa hiyo ukinionyesha video fupi ya daladala yenu ya viti mara moja kwa mwezi, na ukamwona mtaalamu hospitali pale inapowezekana, hujamnyima kitu. Shule nayo ianze kuulizwa mapema. Msimbazi Mseto kule Ilala kuna kitengo cha watoto wenye usonji. Nendeni mkaone kwa macho kabla hajafika umri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma, asikuambie mtu kwamba unaomba msaada.

Kituo kile ukienda kuaga, usigombane. Ukitafuta kingine siku za mbele, waulize mambo matatu tu. Naweza kukaa ndani nikaangalia, siku yoyote, bila taarifa? Mtoto akitaka kuacha, mnajuaje, na mnafanya nini? Niambieni kitu anachokipenda mtoto mmoja wa hapa, na mnakitumiaje? Hilo la tatu sikiliza kwa makini. Anayewajua watoto atakujibu uso ukiwa umechangamka, atakutajia vitu vitano kabla hujamaliza swali.

Mama mkwe wako anatafuta uponyaji wa mjukuu kwa njia anayoijua. Muombe amsomee dua akiwa ametulia, mtoto acheze pembeni, asishikwe wala asinyweshwe kwa nguvu. Halafu mpe kiti cha abiria. Bibi akilipa nauli ya vizibo mara mbili, atakuwa upande wako.

---

BabaYake_Machakos

Bibi wa kwetu ndiye sasa anayezificha picha za chapati zisiishe rangi. Kubalini ushauri huo.

---

MamaWa_GMboto

Narudi baada ya siku kumi na mbili. Mkojo ulipimwa, alikuwa na maambukizi, amemaliza dawa. Ahsante dada, nisingefikiria. Kukojoa kitandani kumepungua, usingizi bado ni wa vipande vipande.

Daladala inaendeshwa kila jioni. Baba yake ndiye dereva, amekuwa haongezi safari ya magharibi tena. Nilikosea mara moja nikaita Ukonga kabla ya Banana, akasimama kabisa, akaja akaniwekea mkono mdomoni, akasema "Banana". Kwa sauti yake mwenyewe, si ya konda. Ni ndogo, nyembamba. Sikuwahi kuisikia.

Kwenye beseni anasema shusha, namtoa, sabuni ikiwa bado masikioni. Jana alirudi mwenyewe ndani ya maji.

Swali dogo: Idi inakaribia na nywele zimekuwa ndefu. Kwa kinyozi mwaka jana watu wanne walimshika. Sitaki tena. Nifanyeje?

---

TibaKwaVitendo_Tanga

Usiende kwa kinyozi. Sauti ya mashine karibu na sikio inamuumiza, na ile mitetemo juu ya fuvu. Tumia mkasi, nyumbani. Leo mpe mkasi wa plastiki auone na auguse, kesho ukate nywele zako kidogo mbele yake, keshokutwa kipande kimoja cha kwake. Akae kwenye kiti cha konda, ndoo ya vizibo mapajani, baba yake nyuma na wewe mbele mnapokezana vituo. Kabla ya kuanza abebe kidumu mara mbili tatu kutoka nje. Mwambie "Tazara mpaka Banana", ukifika Banana simama hata kama hujamaliza upande. Nusu kichwa leo, nusu kesho, na kama Idi itamkuta na nusu basi mvalishe kofia. Akisema shusha, weka mkasi chini.